Kompyuta ya steshenari iliyokuwa ikizimia na kuzinduka: uchambuzi wa kisa cha SSD

Usuli

Kisa hiki kilinitokea mimi mwenyewe, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu. Jina la duka, mji na mwenye duka nimeyaacha. Tarakimu za vipimo ni zilezile nilizoandika kwenye daftari langu la kazi.

Duka ni steshenari ya mtaani yenye kompyuta moja ya mezani. Ni mashine ya mtumba, kasha jembamba la ofisini, prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 8, diski ngumu ya GB 500 na Windows 10. Hiyo moja ndiyo inayochapa barua na CV, inayosafisha picha za pasipoti, na inayojaza fomu za mtandaoni. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, foleni ya vijana hutoka hadi nje kwenye jua. Mwenye duka ni mama wa makamo, mtu wa hesabu, haingizi shilingi mahali asipoona faida yake.

Malalamiko ya mwanzo yalikuwa ya kawaida: mashine nzito. Kuwaka ilichukua karibu dakika nne, na kufungua faili la Word ilikuwa safari. Nikamshauri aweke SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka. Nikanunua ya GB 256, ya bei ya chini, si ya jina kubwa, nikanakili diski nzima ya zamani kwenda kwenye mpya, nikaifunga palepale dukani huku wateja wakisubiri. Mashine ikawaka kwa sekunde ishirini na kitu. Mama akacheka, akanilipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Dalili zilivyoanza

Siku ya tatu akapiga simu. "Fundi, hii mashine yako inazimia, halafu inazinduka yenyewe."

Nikamwambia aizime na kuiwasha. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, maana maelezo yake yalikuwa sahihi kuliko nilivyoyapa uzito. Angesema "inazima" ningewaza umeme au joto. Yeye alisema inazimia na kuzinduka, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa na jibu zima ndani yake.

Jioni alipiga tena, nikaenda. Nilikaa kama robo saa bila kuona kitu, kisha ikatokea mbele ya macho yangu. Kijana wa kaunta alikuwa katikati ya fomu ya mwanafunzi mmoja. Mshale wa kipanya uliendelea kutembea vizuri kabisa, lakini ukibofya, hakuna kinachojibu. Saa ya pembeni mwa skrini ikasimama. Taa ndogo ya diski mbele ya kasha, ambayo kwa kawaida hupepesa, ikawaka moja kwa moja bila kukatika. Kijana akaendelea kubonyeza kibodi kwa hasira. Baadaye kidogo taa ikazima, na kila alichokuwa amebonyeza kikamwagika kwenye skrini kwa mpigo, herufi kumi na saba za "a" zikiwa ndani ya sehemu ya jina la baba.

Nilichukua simu nikapima muda wa mara tatu zilizofuata: sekunde 31, 30, 31. Niliandika, nikafunga daftari, wala sikujiuliza kwa nini muda ni uleule.

Maamuzi ya wiki ya kwanza, na sababu zake

Niliamua kupiga Windows upya. Sababu yangu ilikuwa kwamba nilinakili mfumo mzee wa miaka mingi, wenye draiva za printa zilizokwisha kuondolewa na programu tatu za kuzuia virusi zilizogombana humo ndani. Ukinakili nyumba unanakili na kunguni wake. Hoja ilionekana nzuri. Nilifanya kazi hiyo Ijumaa usiku, Jumamosi nikapiga simu nikaambiwa mashine imetulia, Jumapili kimya. Nikajipongeza.

Jumatatu saa tatu asubuhi ikaganda. Ndipo nilipokumbuka kwamba Jumamosi wanafunga saa saba mchana na Jumapili hawafungui kabisa. "Siku mbili za utulivu" zilikuwa saa tano za kazi.

Safari iliyofuata nilifanya mambo mawili kwa pamoja: nikabadili RAM, nikaweka draiva mpya za mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Niliyafanya pamoja kwa sababu nilikuwa na aibu ya kurudi dukani mara nyingi. Kuganda kukaendelea, kwa hiyo bahati yangu ilikuwa kwamba kazi zote mbili zilishindwa. Kama kungekoma, nisingejua hadi leo ni kipi kilichosaidia.

Kilichobaki, kwa akili yangu ya wakati ule, ni SSD yenyewe. Mashine ilikuwa nzito lakini haigandi. Imewekwa SSD, inaganda. Mtu yeyote angeunga nukta hizo mbili. Nikairudisha kwa muuzaji, nikamwambia ni mbovu, na kwa kuwa tunafahamiana akanibadilishia bila maneno, nikaongeza hela kidogo nikachukua ya kampuni nyingine. Nikapiga Windows mara ya pili ndani ya siku kumi.

Ya pili nayo ikaganda, siku ileile, sekunde 30.

Mahali kisa kilipogeuka

Diski mbili, za watengenezaji wawili, kuumwa ugonjwa mmoja wenye muda mmoja ni jambo gumu kuamini. Nikaacha bisibisi, nikakaa kusoma.

Kwanza nilifungua Event Viewer, daftari ambalo Windows huandika matukio yake, upande wa mfumo. Kila saa tuliyoona kuganda, palikuwa na onyo namba 129 kutoka storahci, draiva ya Windows inayosimamia kiunganishi cha diski, likisema kifaa kwenye RaidPort0 kimeamriwa kuanza upya. Katikati yake yalikuwepo maonyo machache namba 153 ya diski, yanayosema ombi la kusoma au kuandika limelazimika kurudiwa. Bila shaka maonyo haya yalikuwepo hata siku ile mashine ilipoganda mbele yangu mara ya kwanza. Hayo ya mwanzo niliyafuta mwenyewe nilipopiga Windows.

Hapo sekunde 30 zikapata maana. Windows hutuma ombi kwa diski na kungoja. Jibu lisipokuja, haifi. Inasubiri mpaka muda uliowekwa uishe, kisha inaamuru kiunganishi kianze upya na kutuma ombi tena. Kipanya hakihitaji diski, kwa hiyo kinatembea. Programu yoyote inayohitaji kusoma kitu inasimama kwenye foleni. Kuganda kunakodumu muda uleule kila mara kumepimwa na saa ya mfumo. Mashine iliyolemewa na kazi huganda kwa muda usiotabirika.

Pili nilifungua programu ya CrystalDiskInfo ili nisome SMART, yaani hesabu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Afya "Good", joto nyuzi 34, hakuna sekta mbovu hata moja. Ila mstari wa C7, unaohesabu makosa ya CRC (ukaguzi wa data iliyosafirishwa), ulisoma 12. Hesabu hii hupanda data inapofika upande wa pili ikiwa imeharibika njiani. Programu hiyo huonyesha tarakimu ghafi kwa mfumo wa kumi na sita (hexadecimal) isipokuwa umebadilisha kwenye mipangilio, kwa hiyo 12 ile ni 18 ya kawaida. Diski ilikuwa na umri wa saa sita kazini. Nilisubiri igande tena, nikasoma upya: 15, yaani 21.

Nikampigia muuzaji nikamwomba achomeke ile SSD ya kwanza kwenye mashine yake na kunisomea mstari huohuo. Ilikuwa na 1A4, ambayo ni 420. Akaitumia kutwa nzima pale dukani kwake, ikabaki 1A4.

Diski haikuwa mbovu. Njia ndiyo iliyokuwa mbovu.

Jaribio la tundu la pili

Kebo za akiba sikuwa nazo siku hiyo, na pengine ilikuwa heri, kwa sababu nililazimika kufikiri. Mazabodi ile ina matundu ya SATA, yaani ya kuchomekea kebo za diski, ya aina mbili: yenye kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde na yenye kasi ya gigabiti 3. SSD ilikuwa kwenye la kasi kubwa. Nikaichomoa kebo upande wa mazabodi tu, nikaihamishia kwenye tundu la gigabiti 3. Kebo ileile, diski ileile, Windows ileile. Hakuna kingine nilichogusa.

Saa nne za kazi, foleni imejaa, C7 ikabaki 15. Onyo la 153 halikuonekana tena.

Diski ngumu ya zamani ilikuwa ya kizazi cha gigabiti 3. Kebo ile iliitumikia miaka yote bila kulalamika, kwa sababu haikuwahi kuombwa zaidi ya hapo. SSD ilipokuja ikapatana na mazabodi kuzungumza kwa kasi maradufu, na kebo haikuweza. Barabara ya vumbi inapitika kwa baiskeli.

Kesho yake nilirudi na kebo mpya ya shilingi elfu tano, yenye kibano cha chuma kichwani. Nilipoitoa ya zamani niliitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Karibu na kichwa cha upande wa diski ilikuwa imekunjwa kama karatasi, plastiki nyekundu ikiwa imegeuka nyeupe kwenye mkunjo. Nikaujua mkunjo huo. SSD ni ndogo kuliko diski ngumu, kwa hiyo niliifunga kwenye bano la kuikuzia, na tundu lake likaangukia mahali pengine. Kebo haikukaa vizuri, kifuniko hakikufunga, nami nikaikunja kwa kidole gumba na kuikaza kwa kamba ya plastiki. Ndani ya kebo ya data ya SATA mna nyaya saba, jozi mbili za data na tatu za ardhi, na jozi hizo zinategemea umbali usiobadilika kati ya waya na waya. Ukiikunja hivyo unaibana jozi.

Kuganda kulikobaki

Niliweka kebo mpya, nikarudisha SSD kwenye tundu la gigabiti 6. C7 ikasimama kwenye 15. Nikamwambia mama kwamba tumemaliza.

Siku mbili baadaye: "Fundi, imepungua sana. Ila leo imezimia mara mbili."

Kama ningekuwa yule wa wiki ya kwanza ningerudia kila kitu. Safari hii nilianza kwa kuuliza ilizimia saa ngapi. Kijana wa kaunta alikuwa ameandika nyuma ya kitabu cha risiti, kwa sababu nilimwomba: saa saba na dakika arobaini, na saa kumi na dakika tano. Mara zote mbili alikuwa ametoka kidogo, chakula na swala, na mashine ikaganda alipogusa kipanya aliporudi. Kwenye Event Viewer onyo la 129 lilikuwepo, la 153 halikuwepo, na C7 haikusogea.

Kwa hiyo hili lilikuwa tatizo jingine, lililokuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza. Mashine ikikaa bila kazi, Windows huweza kukilaza kiunganishi cha SATA ili kuokoa umeme. Ziko SSD ambazo zikilazwa haziamki kwa wakati, hasa za bei ya chini ambazo mtengenezaji hatoi masahihisho ya programu yake ya ndani. Mpangilio unaohusika umefichwa kwenye orodha ya umeme ya Windows. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi nikaandika:

powercfg -attributes SUB_DISK 0b2d69d7-a2a1-449c-9680-f91c70521c60 -ATTRIB_HIDE

Baada ya hapo, kwenye mipangilio ya juu ya umeme, chini ya diski, ulijitokeza mstari wa AHCI Link Power Management. Ulikuwa kwenye HIPM, ambapo kompyuta huruhusiwa kukilaza kiunganishi. Nikauweka Active, kisilazwe. Kwa kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani, umeme unaopotea ni mdogo mno hata LUKU haitauona. Kwa laptopu ningefikiria mara mbili.

Matokeo

Wiki tatu baadaye nilipitia nikiwa na safari nyingine. Maonyo ya 129 tangu mabadiliko: sifuri. C7: 15. Nilirudi tena baada ya wiki sita, hali ileile. Msimu wa mikopo ulipita salama.

Hesabu ya gharama haipendezi. Kebo ya elfu tano na amri moja vilitosha. Nilitumia Windows mbili, RAM isiyohitajika, safari saba, na jina la muuzaji ambaye nilimrudishia kitu kizima nikisema ni kibovu. Nilimfuata nikamweleza na kuinunua tena ile SSD ya kwanza. Sasa iko kwenye mashine yangu ya kazi, ikiwa na 1A4 yake, kwa sababu hesabu hiyo haifutiki.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Jaribio la tundu la pili ndilo lililokuwa na thamani kubwa kuliko yote, na halikugharimu kitu. Lilitenga jambo moja, kasi, likaacha mengine yote yalivyo. Fundi mwenzangu aliposikia alisema ningeiacha hapohapo kwenye gigabiti 3 nimalize kazi, maana steshenari haitaona tofauti. Kuhusu tofauti ana haki: tundu hilo hupitisha hadi megabaiti 300 hivi kwa sekunde, na faili la CV halifiki hata megabaiti moja. Lakini kebo iliyovunjika haiponi. Ningekuwa nimeahirisha simu ya mama kwa miezi kadhaa tu.

Kumwachia kijana wa kaunta kalamu nako kulisaidia kuliko programu yoyote. Bila zile saa mbili nyuma ya kitabu cha risiti nisingeunganisha kuganda na mapumziko.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kosa la mzizi ni la hoja. Nilisema "nilibadilisha diski tu". Si kweli. Kufunga SSD kulibadilisha diski, kasi ya kiunganishi, mkao wa kebo, na uhusiano wa diski na mpango wa kuokoa umeme. Vitu vinne vilibadilika, nami nikamshuku yule mgeni anayeonekana.

Kupiga Windows upya kulinigharimu zaidi ya muda: kulifuta daftari la matukio. Ushahidi wa siku tatu za kwanza niliufuta kwa mikono yangu. Siku hizi nasoma Event Viewer na kupiga picha ya SMART kwa simu kabla ya kugusa chochote, na nasoma SMART ya diski mpya siku ninapoifunga ili nijue ilianzia wapi. Tarakimu moja ya C7 haisemi mengi, kwa sababu inaweza kuwa ya kebo ya miaka mitano iliyopita. Inayosema ni ile inayopanda.

Kuna jambo moja ambalo kisa hiki hakiwezi kulithibitisha. Je, kebo ilishindwa kwa sababu niliikunja, au isingeweza gigabiti 6 hata ikiwa imenyooka? Sikuwa nayo nyingine ya aina ileile ya kulinganisha. Diski ngumu ya zamani ilikuwa na C7 ya 3 tu baada ya maelfu ya saa, lakini hiyo ni ushahidi wa kasi ndogo na kebo iliyonyooka kwa pamoja. Naamini vyote viwili vilichangia.

Na isidhaniwe kwamba SSD huwa haina hatia. Iko mifano inayojulikana: Crucial m4 ilikuwa na kasoro iliyoifanya ianze kuangusha mashine ikifikisha saa 5,184 za kuwaka, na kila saa moja baada ya hapo, mpaka yalipotoka masahihisho ya toleo la 0309 Januari 2012. Ziko pia SSD bandia zinazodai ukubwa zisio nao, na hizo huonekana ukizijaza zote kwa programu ya H2testw na kusoma kilichoandikwa. Ila magonjwa hayo yana alama zake. La m4 linafuata saa ya diski. La bandia linaharibu mafaili. Letu lilikuwa likiharibu data njiani na kuituma upya, na hakuna barua hata moja ya mteja iliyopotea.

Ile kebo nyekundu niliiweka kwenye droo ya karakana, nimeifunga utepe mweupe, nikiwa na nia ya kuwaonyesha vijana ninaowafundisha. Mwezi uliopita mmoja wao alikosa kebo, akafungua droo, akaichomeka kwenye mashine ya mteja. Nimeikata kwa mkasi.